Marehemu Lina na kilio cha mama yake

Vijana wangu mliorithi maiki zangu, kabla ya yote fungueni dirisha la studio. Najua mmelifunga kwa sababu ya upepo wa mlima Hanang, na najua mmefundishwa kwamba sauti ya nje ni adui wa fundi. Mimi ndiye niliyewafundisha. Fungueni tu, halafu tuzungumze.

Mnivumilie ikiwa maneno yangu yatarukaruka. Tangu asubuhi nakaa na kuinuka, nakaa na kuinuka, mpaka mke wangu ameniuliza kama kiti kina misumari. Hakina. Ni kwamba nyumba yetu hapa Mogitu iko karibu na barabara, na kila pikipiki inayopita na spika yake huenda inapiga ule wimbo wa mwisho wa Marehemu Lina. Nikisikia kile kilio, miguu inasimama yenyewe. Namshukuru Mungu kwamba bado inasimama, ila ningependa kujua itatulia lini.

Sikuitafuta kazi hii. Nilikuwa katekista kijana, nimetoka mafunzoni juzi juzi. Mwalimu Yohani, aliyefundisha kwaya parokiani kwetu, alikuwa na redio kaseti ya kurekodia, na siku moja akaniomba nimshikie maiki kwa sababu mkono wake ulikuwa unauma. Mkono ulipona, maiki ikabaki kwangu. Mpaka leo watu wa huku huniita Katekista, hata wale niliowarekodia nyimbo za harusi na za kampeni.

Mwalimu Yohani hakujua mitambo, alijua watu. Kabla ya kubonyeza kitufe alikuwa anapita mbele ya kila mwimbaji na kumwuliza, "Unamwimbia nani?" Hakukubali jibu la haraka. Tulipokwenda kurekodi kwaya ya Basotu, wanaume wote wa besi walijibu kwamba wanamwimbia Mungu, isipokuwa jamaa mmoja mvuvi aliyejikuna kichwa akasema, "Mwalimu, mimi kusema kweli namwimbia yule wa alto, wa pili kutoka dirishani." Kwaya nzima ikaangua kicheko, binti akajifunika kitenge. Mwalimu Yohani akamsogeza yule mvuvi mbele, karibu na maiki. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Wale wengine wamejibu vizuri. Yeye amejibu kweli." Wale wawili walioana, na watoto wao wanaimba.

Swali hilo lishikeni. Mashine mlizonazo zinaweza kunyoosha sauti iliyopinda, kuweka mwangwi wa kanisa mahali pasipo na kanisa, hata kumfanya mtu mmoja awe kwaya. Haziwezi kumwuliza mtu anamwimbia nani.

Na yapo mambo ya mikono ambayo Mwalimu hakunifundisha, niliyapata kwa kuumia. Mwimbaji usimpe soda, mpe maji ya uvuguvugu. Blanketi zito ukutani linashinda maboksi ya mayai. Ukirekodi kijijini, jogoo afunikwe kwa tenga, lakini mwenye jogoo aambiwe kwanza, maana kuna siku tulisimamisha ibada nzima kwa ajili ya jogoo aliyedhaniwa ameibiwa na kwaya.

Kijijini Gendabi niliwahi kumrekodi mama mmoja wa wafugaji wa Kibarabaigi, mwenye bangili za shaba mkono mzima. Kila akiinua mkono, chwa, chwa, chwa. Nikamwomba azivue. Akanitazama, akazivua kwa shida, akaziweka juu ya ngozi. Akaimba. Ilikuwa sauti safi kabisa, na haikuwa na maana yoyote. Mume wake aliyekaa mlangoni aliuliza, "Huyo anayeimba ni nani?" Mama akazivaa tena, tukarudia, ukawa wimbo. Hapo nikajua kuna kelele ambazo ndizo wimbo wenyewe. Nilijua, lakini kujua ni jambo moja na kukumbuka ni jingine.

Sasa nifike kwa Lina.

Jina lake la ubatizo ni Paskalina. Mara ya kwanza nilipomrekodi alikuwa mtoto wa kwaya, amesimama juu ya debe ili mdomo wake ufikie maiki, na mama yake amemshika kiuno asianguke. Mama Lina ni mjane, jirani yetu, ana shamba la mahindi na ng'ombe wachache wa maziwa. Binti alikua, akaenda Arusha kuimba nyimbo za vijana, tukawa tunamsikia redioni. Kisha akaja studio yangu Katesh, mwaka ule niliokuwa nakaribia kustaafu, amevaa nyeusi kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Lina. Mbona nyeusi? Nani ametutoka?"

"Mimi."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Albamu nzima, babu, mimi nimekufa," akasema. "Inaitwa *Msiba Wangu*. Niko pale msibani kwangu, nawaona wote, hawanioni. Kila wimbo ni mtu mmoja aliyekuja kunililia. Nataka uirekodi wewe, kwa sababu sauti ya kule nyumbani unaijua."

Nilikuwa tayari kukataa. Kisha akaniimbia kidogo, ameegemea mlango. Kulikuwa na wimbo wa wanawake wanaogombania ukoko wa wali wa msibani, nikatabasamu bila kutaka. Kulikuwa na wimbo wa kijana aliyetuma pole kwa simu na hakuja. Kulikuwa na wimbo wa wachimba kaburi wanaosimuliana habari za mpira huku wakichimba. Nikaona huyu binti hachezi. Ameangalia misiba yetu kwa macho makali kuliko mimi niliyeiongoza kwa sala miaka yote hiyo. Giza si dhambi, vijana. Sisi wenyewe Ijumaa Kuu tunazima mishumaa na kukaa gizani, wala hatuombi msamaha kwa hilo. Nikakubali.

Meneja wake alikuwa kijana wa Arusha aitwaye Deo, mwerevu, mwenye haraka, anayeongea huku anaangalia simu. Deo ndiye aliyetunga sheria za huyo Marehemu Lina. Marehemu hacheki mbele ya watu. Marehemu hashiki mtu mkono. Anapaka majivu usoni. Ukimwita Paskalina haitiki, maana Paskalina amekufa. Na siku ya tamasha la kuzindua albamu, uwanjani Katesh, angeletwa jukwaani ndani ya jeneza. Jeneza lenyewe lilimpa taabu. Seremala alikataa katakata kumpima mtu anayepumua. Alikwenda akapima mlango wa studio yangu, akasema, "Kama anapita hapa, na kule ataenea."

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa mama. Lina alitaka usiwe na maneno, uwe kilio tu, kilio cha mama anayemlilia mtoto. Tulijaribu na akina mama wa kwaya. Wakalia kwa sauti tatu, wakapumua pamoja, wakamaliza pamoja. Deo akasema, "Hiki ni kilio au mazoezi ya Pasaka?" Basi Lina akamleta mama yake.

Mama Lina aliingia studio amevaa kitenge chake cha kanisani, akatazama blanketi zangu ukutani, akauliza kama kuna mtu anaumwa.

"Hapana, mama. Tunataka ulie," Lina akasema.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni wimbo."

"Sasa nimlilie nani?"

"Unililie mimi."

Mama akamtazama. "Wewe si uko hapa? Asubuhi umemaliza maziwa yangu yote."

Alijaribu. Alifungua mdomo, akamwona binti yake amekaa pale kwenye stuli, akafunga mdomo, akacheka kwa aibu. Tena na tena. Mwisho Lina akasema atatoka nje, labda mama asipomwona itakuja. Nami nikampa kanuni ninayompa kila mtu, kanuni ambayo nanyi nimewapa: taa nyekundu ikiwaka, hakuna anayetoa sauti, hata nyumba iungue. "Ukitoa sauti tutarudia," nikamwambia. "Na hili, mwanangu, sidhani kama litarudiwa."

Hapa nawapa ufundi kidogo. Kilio usikiwekee maiki mdomoni. Anayelia hasimami mahali pamoja. Anatembea, anageuka, anapiga kiganja kwa kiganja. Niliining'iniza maiki juu katikati ya chumba, nikaondoa viti vyote, nikamwachia mama sakafu. Nikawasha taa.

Mama Lina akatembea mpaka ukutani, akarudi. Akatafuta kwa macho stuli ambayo mtoto wake alikuwa ameikalia, haikuwepo. Akaita jina, taratibu, kama mtu anayeita aliye jikoni. "Lina." Kimya. "Lina?" Kimya. Na hapo, sijui ni nini kilichomfikia, akaita mara ya tatu na lile jina likapasuka katikati. Likatoka Paskalina, likatoka mwanangu, likatoka maneno ya Kiiraqw ambayo sitayaandika hapa. Nilikuwa na hedifoni masikioni. Nikainua macho, na kwenye kioo cha dirisha nikamwona Lina amesimama nje. Alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kimoja juu ya kingine.

Ilipokwisha, Mama Lina akajifuta uso kwa kitenge, akakaa chini.

"Basi," akasema. "Sasa mmenifanya nini?"

Nikaenda kumtengenezea chai.

Deo aliusikia ule mkanda akasema hataki biti wala kinanda. Mama anaita, mama analia, anaita mara ya mwisho, halafu kimya kirefu, albamu imekwisha. "Kile kimya ndicho chenyewe, mzee," akaniambia. "Hapo watu watasisimka."

Alisema kweli. Wiki ya kutoa albamu akaisambaza kwenye simu picha ya Lina yenye mshumaa pembeni, na maneno kwamba familia inasikitika kutangaza kifo cha Marehemu Lina. Chini yake, kile kilio. Mjini watu walijua ni kiki ya msanii, wakacheka, wakatumiana. Huku kwetu ilifika ikiwa imekatwa vipande. Wengine walipata picha bila maneno ya albamu. Wengi walipata sauti peke yake. Na sauti ile hawakuhitaji kuambiwa ni ya nani, maana wameimba nayo kanisani maisha yao yote.

Asubuhi akina mama wa jumuiya wakafika kwa Mama Lina na kuni kichwani na unga kwenye ndoo, wanaanza kulia tangu njiani. Walimkuta anawamwagia kuku mtama.

"Mbona mnalia?" akawauliza. "Nani?"

Mama Safari, jirani wa uzio mmoja naye, akatoa simu akamwekea. Mama Lina akasikia sauti yake mwenyewe inamlilia mtoto wake. Akaeleza kwamba ni wimbo, mtoto ni mzima, yuko Arusha, jana ameongea naye. Wakamwelewa. Kila mmoja alisema amemwelewa. Lakini waliondoka bila kuingia ndani, na unga wakauacha pale langoni, kwa sababu kilicholetwa msibani hakirudishwi.

Nyinyi vijana wa huku mnaijua metimani hata kama mmekuta imepungua. Kwa wageni watakaosoma haya niseme kwa ufupi. Nyumba iliyopatwa na kifo, hasa cha kijana, hutengwa kwa muda. Watu wake hawanywi chombo kimoja na wengine, ng'ombe wao hawachanganyiki na wa wengine malishoni wala majini, mpaka wazee waiondoe. Sisi Wakristo tunasema tumeiacha. Nami nilifundisha hivyo. Ila kuna vitu mdomo unaviacha mapema, miguu inachelewa.

Basi ikawa hivi. Hakuna aliyemtukana Mama Lina. Hakuna aliyemwambia neno. Zamu yake ya kuchunga ilirukwa, wakamwambia apumzike. Alipopeleka ng'ombe majini, wenzake wakawaondoa wa kwao kwa upole. Jumuiya ilipofika zamu ya kusali kwake, ikahamia nyumba ya pili. Na mahindi yalikuwa yamekauka shambani, wakati wa watu kuvunia pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kwake haikufika kesho. Mjane na ng'ombe wake, mahindi yamesimama, ndege wanakula.

Nilikwenda kwa Mzee Bura, ambaye wazee wengine humsikiliza. Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, hakuna aliyekufa. Ondoeni hili jambo."

"Katekista," akasema, "msiba tunauondoa tukishazika. Sasa huu tutazika nini? Mama amemlilia mtoto kwa jina. Tumesikia sote. Msiba umefunguliwa na hauna pa kufungia." Akatikisa kichwa. "Angekuwa amekufa kweli, ingekuwa rahisi."

Nilirudi nyumbani nisitulie. Nilisali, nikainuka, nikasali tena. Sikuweza kumwambia mama yule kwamba haya ni mambo ya kale wakati ng'ombe wake wana kiu.

Nikampigia Lina simu, naye akaja. Alishuka barabarani na nguo zake nyeusi, majivu amefuta. Nilikuwa nimesimama pale kumpokea, kwa hiyo niliona. Mama Safari alikuwa anakuja na ndoo ya maji. Lina akainama kidogo, akanyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Mama Safari akapiga hatua kando, ndani ya majani. Hakusema marahaba. Alimtazama yule binti aliyemlea pamoja na watoto wake, machozi yakamlengalenga.

"Pole kwa msiba, mwanangu," akasema, akapita.

Lina akabaki na mikono yake mbele. "Babu," akaniuliza, "amenipa pole ya nani?"

"Ya kwako."

Akacheka. Halafu kicheko kikaisha, na mikono bado iko pale.

Tulikaa uani kwa Mama Lina. Deo alifika na gari lake mchana. Mzee Bura alikuja na wazee wawili, wakakaa nje ya uzio wa minyaa, tukawa tunaongea kupitia majani.

"Mama, sisi ni Wakristo," Lina alisema. "Mambo haya yamekwisha."

"Waambie ng'ombe," mama akamjibu.

"Ni sanaa, wazee wangu," Deo akasema. "Ni konsepti. Tukifika tamashani anafufuka, kila kitu kinakwisha. Wavumilie kidogo tu."

"Mahindi nayo yavumilie?" Mzee Bura aliuliza kutoka ng'ambo ya uzio. "Hebu, kijana, huyo marehemu wako akitoka kwenye jeneza, atatokea kwa nani? Kwa watu wa uwanjani. Waliolia si wao."

Kila mtu akasema lake. Mimi nilipendekeza ibada ya shukrani, Deo akapendekeza atangaze kwenye simu kwamba ulikuwa utani. Mama Lina alikuwa anapukuchua hindi moja kwa kidole gumba, punje zinaanguka mapajani. Mwisho akasema, bila kuinua uso:

"Mimi majirani siwalaumu. Tangu siku ile sijatulia mimi mwenyewe. Nikiwa jikoni naona kama kuna kitu nimekianza sijakimaliza. Nilimwita mwanangu. Nilimwita kwa uchungu, mbele ya Katekista. Hakuitika."

Ng'ambo ya uzio Mzee Bura akaguna.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo palipo wazi. Aliyeitwa aitike. Tulisikia kuitwa, tusikie kuitika. Kwa njia ile ile, ya simu."

Deo akanigeukia. "Mzee, hilo haliwezekani. Marehemu hajibu. Akiitika, albamu yote imevunjika. Kimya kile ndicho watu wanakiongelea."

Lina alikuwa amejikunyata. Ni haki kusema kwamba hakuwa mtoto mkaidi. Alikuwa ameiandika kazi ile kwa muda mrefu, na ilikuwa nzuri, na alijua ni nzuri. "Babu," akaniambia kwa sauti ndogo, "nikiitika sasa, Marehemu Lina amekwisha. Sina mwingine. Paskalina hakuna anayemsikiliza."

Nikakumbuka la Mwalimu Yohani, nikamwuliza hilo hilo kwa kukosa lingine.

"Ulikuwa unamwimbia nani, Lina?"

Hakujibu haraka. Upepo ulipita kwenye mahindi makavu.

"Siku ile nje ya studio," akasema, "mama aliponiita mara ya tatu, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikauziba. Ulisema nisitoe sauti."

Vijana, kanuni ya taa nyekundu ni nzuri, siifuti. Lakini nilipolisikia neno hilo niliinuka nikaenda kuchukua mitambo.

Tulirekodi pale pale uani, mchana, jua likiwa bado juu. Niliomba kimya. Kuku hawakusikia, ng'ombe akalia, mtoto wa Mama Safari akakohoa nyuma ya uzio ambako majirani walikuwa wanasogea mmoja mmoja, kila mtu akijifanya anapita. Nilitaka kusema subirini. Nikamkumbuka yule mama wa Gendabi na bangili zake, nikanyamaza. Sikuwasha taa yoyote.

Lina aliingia ndani ya mahindi asionekane. Mama akasimama mlangoni pa jiko. Mara hii hakulia. Aliita tu, kwa sauti ya kumwita mtoto aje ashike ndama.

"Lina."

Mahindi yakatikisika.

"Paskalina."

Ilikuja kutoka mbali kuliko nilivyotegemea, sauti ya kawaida kabisa, imekwaruza kidogo, wala si ya msanii.

"Abee, mama."

Akatoka kwenye mahindi na makapi kichwani. Mama akamtazama kuanzia miguuni. "Vua hilo gauni jeusi," akasema, "unaogopesha ndama." Watu nyuma ya uzio wakacheka, na kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wameshika pumzi kwa muda. Mzee Bura akaomba kwa Kiiraqw, ile sala ndefu ya baraka ya wazee, na kila alipotua watu wakaitikia kwa pamoja. Nami nikasali kwa njia niliyofundishwa. Mungu alituvumilia sote. Hayo yote yamo kwenye mkanda, na jogoo mmoja.

Jioni, kabla sijafunga nyaya zangu, Mama Safari akaingia langoni kuomba chumvi. Alikuwa na chumvi kwake, nilijua, kwa sababu mke wangu alimpelekea juzi yake. Mama Lina akamchotea kwenye kikombe chake mwenyewe. Kesho yake watu wakaja na miundu kumvunia.

Deo alikasirika, kisha akatulia, kisha akaunganisha lile jibu mwishoni mwa wimbo, baada ya kimya, akausambaza kwa simu kama ule wa kwanza. Tamasha lilifanyika. Jeneza halikuingia jukwaani, na sasa Mama Lina anaweka unga wa kuku ndani yake, kwa kuwa mfuniko wake unafunga vizuri. Wapo waliosema albamu imeharibika. Huenda. Mimi si mtu wa kuamua hayo. Lina bado anavaa nyeusi akiimba, na huku nyumbani anaitika kila jina.

Lakini kilichotoka hakirudi kikasikika upya. Hili ndilo ninalotaka mlijue mnapobonyeza hicho kitufe. Ule wimbo wa kwanza, unaoishia kimya, uko bado kwenye simu za watu na spika za pikipiki, mpaka Babati, mpaka sijui wapi. Sitaweza kuukusanya. Kila ukipita mama yule anaita, na hakuna anayemjibu, nami nainuka kitini kama mtu aliyesahau jambo.

Wiki iliyopita nilikwenda mnada wa Katesh kununua kamba. Nikapata kibenchi kwenye kivuli cha kibanda cha mama mmoja muuza vitunguu, sijawahi kumwona, kwa lafudhi si wa kwetu. Jirani yake muuza nguo akawa anapiga muziki kwa spika kubwa. Ukaja ule wimbo, ule wa kwanza. Mama akaita. Mama akalia. Nikasimama na fimbo yangu katikati ya watu. Akaita mara ya mwisho, kisha kile kimya.

Muuza vitunguu hakuinua kichwa. Alikuwa anapanga mafungu.

"Abee, mama," akasema, na mwenzake wa nyanya akasema hivyo hivyo, na binti mmoja aliyepita na ndoo pia, kama mtu anavyoitikia salamu ya jirani, bila kusimama.

Nikakaa.